Ombi Funge na Ombi Huru: Kuhusu Fomu za Kujiunga na Vyuo Vikuu

1. Utangulizi

Desemba ya mwaka uliopita mwanafunzi mmoja wa idara yetu alitujia ofisini Kasapa akiwa na mdogo wake, kijana wa darasa la mwisho la sekondari, na karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya furaha: chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kimemkubali kijana. Ya pili ilikuwa na saini tatu, ya kijana mwenyewe, ya baba yake na ya mwalimu mshauri wa shule yake. Nayo ndiyo iliyowaleta. Chuo kiliahidi kulipa sehemu ya gharama tu, na sehemu iliyobaki ilizidi mshahara wa baba wa mwaka mzima. Wakati huo huo kijana alikuwa amekwisha kupeleka maombi katika vyuo vingine viwili ambavyo vilikuwa havijajibu. Kaka mtu aliuliza kwa adabu: «Bwana asistanti, utusomee vizuri. Huyu mtoto amefungwa ao hajafungwa?» Kijana akadakia kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: «Yaya, miye niliomba tu. Haiko kusema niliitika.»

Jibu hilo lilitugusa, na kama mwanaisimu lilitupa la kufikiri. Katika Kiswahili, kuomba na kuitika ni matendo mawili ya watu wawili: mmoja huomba, mwingine huitika. Haikumpitikia kijana kwamba mtu aweza kuomba na kuitika kwa karatasi moja, kabla hajajibiwa. Hata hivyo, karatasi aliyotia saini ilikuwa ya namna hiyo hasa.

Katika makala haya tutajaribu kueleza tofauti iliyopo kati ya maombi yanayomfunga mwombaji na yale yasiyomfunga, namna yanavyoendeshwa katika nchi mbalimbali, na maneno ambayo Kiswahili kinayo ya kuyaelezea. Hatuandiki kwa ajili ya wale watakaokwenda Marekani peke yao, kwani ni wachache. Mtu yeyote anayejaza fomu ya chuo, awe Dar es Salaam, Nairobi au hapa kwetu, hufika mahali ambapo anakuwa amejifunga, na aghalabu hufika bila kujua.

2. Swali la istilahi

Wanafunzi wa isimu wamezoea kutofautisha silabi huru na silabi funge. Silabi huru huishia kwa irabu, mlango wake u wazi. Silabi funge huishia kwa konsonanti. Tunapendekeza sifa hizo hizo mbili zitumike hapa, kwa sababu ni fupi na msomaji hahitaji kufundishwa upya. Ombi huru ni lile ambalo mwombaji, akiisha kukubaliwa, bado ana hiari ya kusema ndiyo au la. Ombi funge ni lile ambalo mwombaji ametangulia kusema ndiyo siku ile ile aliyoomba. Chuo kikimkubali, hiari yake imekwisha kutumika. Katika ombi huru pande zote mbili zina neno la kusema. Katika ombi funge chuo peke yake ndicho kinachobaki na neno.

Yafaa tuonye mapema kwamba tofauti hii si sawa na tofauti ya ombi la mapema na ombi la kawaida. Wengi huchanganya mambo hayo mawili, hata washauri wa shule. Liko ombi la mapema lililo huru, na liko ombi la kawaida linalokuja kufunga baadaye. Tarehe ni jambo moja, ahadi ni jambo jingine.

Kitenzi kufunga kinatusaidia sana. Twasema kufunga ndoa, kufunga mkataba, na kinyume chake kufungua. Tena mfano wa ndoa si wa kulazimisha. Kule pwani kuna posa, kisha kishika uchumba, kisha mahari na ndoa yenyewe. Huku kwetu tuna mashauri ya familia, predoti, na mahari. Kila hatua ina uzito wake, na kila mzee anajua ni hatua gani inayoweza kurudishwa nyuma bila aibu na ni ipi isiyoweza. Aletaye posa hajaoa. Mwenye ombi huru ni mfano wa mtu aliyepeleka posa katika nyumba tano kwa wakati mmoja (jambo ambalo mila zetu haziwezi kulisifu, lakini vyuo vimelizoea), akingoja kuona nani atamwitikia. Mwenye ombi funge amekwenda nyumba moja akiwa amebeba mahari, amefuatana na mashahidi, na amekwisha kuwaambia watu wa nyumba zile nyingine wasimngojee.

Mfano huu si wetu peke yetu. Mwaka 1962 wataalamu wawili wa hisabati wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha makala fupi juu ya udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa, wakiyaweka mambo hayo mawili katika chungu kimoja. Walionyesha utaratibu ambao kila mposaji huanza na yule anayempenda kuliko wote. Kila anayeposwa humshika aliye bora kati ya waliofika, bila kumwahidi, na kuwarudisha wengine. Waliorudishwa huenda kwa chaguo lao la pili. Na mambo huendelea hivyo mpaka hapana posa mpya. Hapo tu ndipo vifungo hufungwa. Walithibitisha kwamba mwishoni hapatakuwa na wawili ambao wangependelea kuwaacha wenzi wao ili wachukuane. Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth. Gale alikuwa amefariki mwaka 2008. Kinachotuhusu hapa ni ile hali ya katikati, yaani kushikwa bila kuahidiwa. Kwa miongo kadhaa sasa nchi nyingi zimekuwa zikitafuta namna ya kuirefusha au kuifupisha hali hiyo, kila moja kwa maslahi ya upande fulani.

Mwaka huo huo wa 1962 kilitoka kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, aliyefariki miaka miwili kabla yake, kuhusu maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Asemaye «naahidi» haelezi ahadi, anaitoa. Fomu ya chuo ina matendo ya namna hiyo, na mara nyingi huyachanganya katika ukurasa mmoja: kuomba, kueleza, kukiri, kuahidi. Tumeona kwa macho yetu kwamba wazazi husoma kichwa cha fomu, wakaona neno la kuomba, wakatia saini wakidhani kurasa zote zinaomba. Ushauri wetu kwa msomaji ni kutazama vitenzi. Palipoandikwa «ninaomba» pana ombi. Palipoandikwa «nitajiunga» au, katika fomu za Kifaransa, maneno ya kujifunga kwa ahadi, pana jambo jingine kabisa, hata kama lipo chini ya kichwa kile kile.

Liko neno jingine ambalo kamusi zetu zinalo nasi tumelisahau: arbuni, yaani fedha inayotangulizwa ili kushikilia mapatano. Limetoka Kiarabu, na asili yake katika lugha za Kisemiti ni ya kale sana. Kwa njia ya Kigiriki na Kilatini limefika hata katika Kifaransa, ambako wanasheria husema arrhes. Sheria ya Kifaransa hutofautisha arrhes na malipo ya awali ya kawaida: aliyetoa arrhes anaweza kujitoa akakubali kuipoteza, lakini aliyetoa malipo ya awali amefungwa kununua. Tofauti hiyo ingefaa ieleweke kwa kila mzazi anayetumwa benki kulipia «nafasi» ya mtoto wake. Swali si kiasi anacholipa. Swali ni kama fedha hiyo inamnunulia njia ya kutokea, au inamfungia mlango.

3. Mambo yalivyo Marekani

Tuanze na nchi ambako ombi funge limekuzwa kuliko kwingineko. Fomu zake zina majina mawili yanayofanana mno: Early Decision, yaani uamuzi wa mapema, na Early Action, yaani hatua ya mapema. La kwanza ndilo funge, la pili ni huru. Msomaji ataona kwamba hakuna kitu katika majina yenyewe kinachomwonya. «Uamuzi» unaweza kudhaniwa kuwa wa chuo, hali ni wa mwombaji. Na «hatua» haisemi chochote.

Katika uamuzi wa mapema mwombaji hupeleka fomu yake mwanzoni au katikati ya Novemba, katika chuo kimoja tu kwa namna hiyo, na hujibiwa yapata katikati ya Desemba. Vyuo vingi vina pia duru ya pili inayofunga mwanzoni mwa Januari na kujibiwa Februari; nayo hufunga vilevile. Mwombaji, mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa atajiunga, na kwamba ataondoa maombi yake kwingineko. Anaruhusiwa kupeleka maombi ya kawaida katika vyuo vingine wakati akingoja, lakini siku ya kukubaliwa lazima ayafute. Katika hatua ya mapema yeye hujibiwa mapema vilevile, ila anaweza kungoja majibu ya vyuo vyote, ambayo hutoka mwishoni mwa Machi, kisha kuchagua hadi tarehe 1 Mei.

Kuna na aina ya kati. Harvard, Yale, Princeton na Stanford humtaka mwombaji wa mapema asipeleke ombi la mapema katika vyuo vingine vya binafsi, lakini akikubaliwa ana hiari mpaka tarehe 1 Mei. Kwa istilahi zetu hilo ni ombi huru lenye mpaka: limezuia mlango wa kuingilia, halikuzuia wa kutokea.

Kwa nini chuo kitake kumfunga mtoto wa miaka kumi na saba? Kila chuo huogopa kuwakubali watu elfu na kujiwa na mia tatu, au kujiwa na mia nane pasipo vitanda. Aliyejifunga ana hakika ya kuja. Kwa hiyo hupewa thamani. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha uchunguzi wa udahili wa mapema, wakakadiria kwamba kuomba mapema kulimfaa mwombaji kama vile kuongezewa alama 100 katika mtihani wa SAT, ambao wakati huo ulikuwa na alama 1600 kwa jumla. Si jambo dogo. Lakini ni nani anayeweza kununua faida hiyo? Ni yule asiyehitaji kulinganisha. Familia yenye uwezo haiulizi chuo kipi kitatoa msaada mkubwa zaidi. Familia isiyo na uwezo lazima iulize, na ombi funge limeiondolea nafasi ya kuuliza. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya utaratibu huo, na wenyeji wameiona pia. Mwaka 2006 Harvard, Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia vilitangaza kuacha maombi ya mapema kwa sababu yaliwapendelea wenye nacho. Harvard na Princeton vikayarudisha mwaka 2011, safari hii kwa namna ile huru yenye mpaka. Virginia ikarudisha ombi funge mwaka 2019. Wema peke yake haukuweza kushindana na jirani.

Je, kifungo hiki kina hakimu? Kwa kweli hatujapata kusikia mwanafunzi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kutokwenda. Nguvu yake ni ya heshima na ya hofu. Mvunja ahadi anaweza kuondolewa na vyuo vingine vikipata habari, na shule iliyomsaini huogopa kwamba wanafunzi wake watakaofuata hawataaminiwa. Mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani iliviuliza vyuo kadhaa kuhusu desturi ya kupeana majina ya waliokubaliwa kwa ombi funge, kwa kuhofia kwamba desturi hiyo inazuia ushindani. Na Septemba 2019, chini ya shinikizo la Wizara hiyo hiyo, chama cha kitaifa cha washauri wa udahili kilifuta kanuni zake zilizokuwa zinakataza vyuo kuwapa vivutio wanaojifunga, na kuendelea kuwashawishi wanafunzi baada ya tarehe 1 Mei.

Njia ya kufunguliwa ni moja inayokubaliwa wazi, nayo ni fedha. Aliyeomba msaada wa gharama na kupewa usiomwezesha kusoma anaweza kukataa nafasi na kufunguliwa bila lawama. Kifungu hicho huwa kifupi, tena huwa mwishoni mwa ukurasa.

Uingereza wana utaratibu mwingine: kupitia UCAS mwombaji huchagua hadi kozi tano, zote kwa uhuru, baadaye hushika moja kama chaguo la uhakika na nyingine kama akiba. Hapo ndipo anajifunga, na mara nyingi kifungo kinategemea alama ambazo hajazipata bado. Ufaransa, tangu Parcoursup ianze mwaka 2018, aliyepata nafasi nyingi hawezi kushika zaidi ya moja kwa wakati mmoja, ingawa anaweza kuendelea kungojea zile ambazo hazijajibiwa. Aliyemsoma Gale na Shapley atatambua sura hiyo.

4. Tanzania na Kenya

Afrika ya Mashariki hawatumii jina la ombi funge, lakini kifungo kipo. Kimewekwa mahali pengine katika safari.

Tanzania ni mfano wa kufundisha, kwa sababu imejaribu njia mbili katika muda mfupi. Zamani kila chuo kilidahili peke yake, na mwanafunzi hodari aliweza kushika nafasi vyuo vitatu huku mwenzake akikosa hata moja. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa mwaka 2005, ilileta mfumo wa pamoja wa udahili kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011: mwombaji alipanga machaguo yake, mfumo ukampa nafasi moja. Mwaka 2017 mfumo huo ulisimamishwa, waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Uhuru ukarudi, na tatizo la zamani likarudi pamoja nao. Ndipo ikawekwa hatua ya kuthibitisha: TCU hutangaza majina ya waliodahiliwa katika zaidi ya chuo kimoja, na kila mmoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa simu.

Tazama jinsi neno kuthibitisha lilivyobeba mzigo hapa. Katika matumizi ya kila siku, kuthibitisha ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Katika udahili wa Tanzania limekuwa neno la kufunga: kabla ya kulitenda mwanafunzi ni huru, baada ya kulitenda vyuo vingine vinaweza kutoa nafasi yake. Na tendo lenyewe ni tarakimu chache zinazoingizwa kwa kidole gumba. Hakuna saini tatu, hakuna baba mezani. Kwa upande mmoja ni utaratibu wa haki kuliko ule wa Marekani, kwa kuwa kifungo kinakuja baada ya majibu, mwombaji akiwa na barua zote mkononi. Kwa upande mwingine, mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ni ombi jingine lenye majibu yake na siku zake, na mwanafunzi anaweza kujikuta amethibitisha chuo kabla hajajua kama atapata fedha ya kukaa mji ule.

Kenya (twasema nchi ya Kenya, si komuni yetu ya Kenya hapa Lubumbashi) imechagua chombo kimoja. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi, mahali pa Bodi ya Pamoja ya Udahili iliyokuwapo kabla. Aliyepata angalau C+ katika mtihani wa KCSE anaweza kuomba shahada. Hupanga kozi kwa kufuata anavyozipenda, na shirika humpangia moja kwa alama zake na kwa ushindani uliopo. Hashiki barua tano. Ana moja, na asiporidhika anaweza kuomba kuhamishwa katika muda uliowekwa. Neno linalotumika sana ni kupangiwa, na lina ukweli: katika mfumo huo uhuru wa mwombaji uko mwanzoni, katika kuandika orodha, na kila anayeiandika bila kufikiri amekwisha kujifunga nusu.

5. Na huku kwetu

Kupangiwa si jambo geni Kongo. Chuo chetu kilianzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na Lovanium ya Kinshasa na Chuo Kikuu Huru cha Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na vitivo vikagawanywa kati ya kampasi tatu. Aliyetaka fasihi na lugha ilimbidi kuja Lubumbashi. Aliyetaka sheria, Kinshasa. Kuchagua somo ndiko kulikuwa kuchagua mji, na fomu moja ilitosha kumvusha mtu nchi nzima. Wakubwa wetu bado wanasimulia safari hizo. Mwaka 1981 kampasi zilirudishiwa uhuru wao.

Tangu hapo kila chuo hujiandikishia wanafunzi wake. Aliyefaulu Mtihani wa Taifa, yaani aliyepata angalau asilimia 50, hukusanya faili lake na kulipeleka anapotaka: UNILU, ISP, ISTM, Nouveaux Horizons, au kwingineko mjini. Hakuna kikapu kimoja cha taifa kinachokusanya majina, wala namba ya siri ya kuthibitisha. Kwa hiyo mtu angesema kwamba huku maombi yote ni huru. Kwa maandishi ni kweli. Lakini ulizeni familia za Katuba au za Ruashi. Fomu inanunuliwa, mtihani wa kuingia unalipiwa, na ada ya kujiandikisha ikishalipwa benki aghalabu hairudi. Familia yenye fedha ya faili moja haina maombi matatu huru. Ina moja, na risiti ya benki ndiyo inayolifunga. Kisha inafuata minervali, neno tulilorithi kwa Wabelgiji, ambalo Waroma walilitumia kwa zawadi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, kwa jina la Minerva, mungu wao wa hekima. Awamu ya kwanza ya minervali ikishalipwa, hata ikija habari njema kutoka chuo kingine, baba wa familia huhesabu kilichokwisha kutoka mfukoni, naye husema: «Utasoma hapa hapa.» Hakuna sheria iliyomlazimisha, wala saini. Ni arbuni ya maskini, ambayo hana uwezo wa kuipoteza.

Tumeona jambo hilo likiwarudisha vijana wengi katika vitivo ambavyo havikuwa chaguo lao la kwanza wala la pili. Katika idara yetu wapo waliofika kwa njia hiyo. Wengine wamegeuka kuwa wanafunzi wazuri wa Kiswahili, nasi tunawashukuru. Wengine hukaa nyuma ya darasa mwaka mzima wakitazama dirisha. Ingefaa vyuo vyetu viandike wazi juu ya kila fomu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mambo mawili tu: ni malipo gani yanarudi na hadi tarehe gani, na ni wakati gani nafasi ya asiyelipa inatolewa kwa mwingine. Hilo halihitaji bajeti.

6. Kijana wetu

Turudi kwa wageni wetu wa Desemba. Tulisoma ukurasa ule wa saini tatu mara mbili. Kijana alikuwa amejifunga, hapana shaka. Aliomba na kuitika pamoja. Lakini kifungu cha fedha kilikuwapo, mstari wa mwisho kabisa. Tulimwambia baba, aliyekuja siku ya pili baada ya kazi, asilipe chochote kwanza. «Baba, fedha hii ukiilipa ni kama umesema ndiyo mara ya pili,» tulimweleza. Alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye alitia saini akidhani anampa mtoto ruhusa ya kuomba.

Tulisaidiana kuandika barua kwa ofisi ya misaada ya chuo kile, tukaambatanisha hati za mshahara zilizotafsiriwa, kuomba hesabu ipitiwe upya. Waliongeza kidogo. Haikutosha. Januari kijana akaandika barua ya pili, ya kuomba kufunguliwa kwa sababu hiyo, nao wakamfungua kwa maneno ya upole. Uzembe wake ulimfaa: yale maombi mawili mengine, ambayo alipaswa kuyafuta siku ile ile ya kukubaliwa, hakuwa ameyafuta. Hatumsifu kwa hilo. Mwenye kutaka kufunguliwa afadhali aandike mara moja, kabla hajalaumiwa kwa kushika nafasi mbili.

Mwishoni mwa Machi chuo kimoja kilimkataa. Cha pili kilimweka katika orodha ya kungojea, hali ambayo ni huru kwa pande zote mbili kiasi cha kutokuwa na faida kwa yeyote: yeye anaweza kuondoka wakati wowote, nao wanaweza wasimwite kamwe. Tarehe 1 Mei ikapita. Akafanya Mtihani wa Taifa, akafaulu. Agosti chuo kile kikamwandikia kwamba orodha imefungwa. Wakati huo faili lake lilikuwa limekwisha kupokelewa Kasapa, kitivo cha sayansi, na risiti ya benki ilikuwa katika mfuko wa shati la baba yake, aliyekuja kutuonyesha.